Wa Kumjibu Emmet

Jumapili, 4 Mei 1986

Mwanakondoo mwingine tena asubuhi hii. Mwana wa yule jike mwenye sikio lililochanika. Kaumwa kooni, palepale pa siku zote, kaliwa ini na kipande cha paja, basi. Koyote bwana, hawa mbwa mwitu wa nyika! Anachagua nyama kama bibi harusi. Mama mtu amesimama juu ya mzoga analia, maziwa yamemjaa mpaka anatembea miguu imepanuka. Nimemchuna yule mfu, ngozi yake nikamvisha mwanakondoo yatima aliyekuwa kwenye boksi karibu na jiko, nikampeleka kwa jike. Kamnusa. Kamnusa tena. Akamwachia ziwa. Haya, mmoja kapata mama leo.

Niliporudi Emmet alikuwa barazani kwenye kiti chake, blanketi magotini. Nikamwonyesha mikono yenye damu.

"Jumanne," akasema.

Tangu kiharusi kimwangushe Februari, hilo ndilo neno pekee lililobaki kinywani mwa mume wangu. Kahawa ni Jumanne. Choo ni Jumanne. Mimi niliyemzalia mtoto ni Jumanne. Daktari anasema maneno yote yamo kichwani, ila yamepoteza mlango wa kutokea. Na katika maneno yote ya dunia, likapita hilo! Kuna siku nacheka mpaka machozi. Leo yalikuja machozi peke yake.

Huyu ndiye Emmet Brandvold. Watu walikuwa wakiendesha gari nusu siku kuvuka nyika hii ya Wyoming kuja kumchukua awaitie koyote wao. Wengine wanapuliza filimbi za mbao zinazolia kama sungura aliyenaswa. Yeye alifungua mdomo tu. Alilia kama dume, kama jike, kama kitoto kilichokanyagwa, na koyote walitoka kwenye makorongo kuja kuangalia. Mimi nilikaa mgongo wangu kwenye mgongo wake nikiwa na bunduki. Yeye koo, mimi jicho. Ndoa yetu yote ilikuwa hivyo, hata tusipowinda.

Jumatatu, 5 Mei

Carlene kapiga simu kutoka Casper. Binti yangu ana sauti mbili, ya nyumbani na ya ofisi ya shule anakofanya kazi. Leo kaja na ya ofisini.

Kasema Mama, ulituahidi. Ni kweli, niliahidi. Siku Emmet anaruhusiwa hospitali nilisema nikishindwa nitakubali aende nyumba ya wazee huko mjini. Ningeahidi hata kuruka, almradi wanipe mume wangu nirudi naye.

Sasa anataka kuona mambo mawili mwisho wa mwezi. Baba asimame mwenyewe, maana mgongo wangu hauwezi tena kumnyanyua. Na koyote waishe, maana siwezi kuwa zizini na barazani kwa wakati mmoja. La sivyo kondoo waende mnadani na Baba aende mjini.

Nikamwambia anaongea kama hakimu. Halafu akasema kwa sauti ya nyumbani: "Mama, naogopa nitakuja siku moja niwakute wote wawili mmelala chini."

Ana haki, na haki yake inaniudhi.

Jumatano, 7 Mei

Nimekwenda peke yangu. Emmet nilimwacha na kahawa na redio, nikapanda kilima cha mashariki kabla jua halijachomoza. Upepo usoni, kichaka mgongoni, kila kitu kama inavyotakiwa. Nikapuliza filimbi ya sungura. Nilijisikia kama mtu anayepika na kucheza ngoma kwa wakati mmoja! Ukipuliza huoni, ukiangalia unasahau kupuliza.

Sikuona kitu. Baridi imenila mifupa. Nilipogeuka kuondoka, nyayo za koyote zilikuwa kwenye matope nyuma yangu, mbichi kabisa. Alikuja. Alizunguka upande wa pili, akanusa harufu yangu, akakaa kitako, alama ya mkia ilikuwepo! Akanitazama nikipuliza, akaenda zake.

Wakati nahangaika na sungura wa uongo, kwenye korongo kachukua mwanakondoo wa kweli.

Ijumaa, 9 Mei

Jirani Bittor kaja na mkate wake mkubwa wa sufuria na soseji za pilipili. Baba yake alikuja hapa kutoka milima ya Wabaski, huko Hispania, kuchunga kondoo wa watu, na Bittor sasa anachunga wake. Mwanamume mkubwa kama mlango wa ghala, na bado ananiogopa mimi.

Nilimsimulia habari ya nyayo. Akaanza kukwaruza matope kwenye buti. Bittor akikwaruza buti, kuna jambo.

"Shemeji, usinipige."

"Itategemea."

Basi ikatoka. Mwezi wa tatu shemeji yake alikuja kutoka mjini na kaseti na spika. Sauti ya sungura, kubwa mpaka farasi wakatoka jasho. Wakaiwasha kila kilima, hadi mpakani kwangu. Koyote walikuja mbio, dume na jike pamoja. Yule bwana akawapiga risasi akakosa. Kesho yake wakaja tena. Akakosa tena!

"Mara ngapi, Bittor?"

"Shemeji, tuseme tu ana macho mabaya."

Ndiyo maana. Hawa wamesomeshwa. Koyote akikoswa mara moja mbele ya sungura, sungura kwake ni jina la bunduki mpaka afe. Na wawili hawa wana shahada! Hakuna filimbi itakayowaleta. Kilichobaki ni lugha yao wenyewe, dume mgeni alie ndani ya mipaka yao mpaka hasira iwatoe. Katika bonde zima ni mtu mmoja tu aliyeweza kulia hivyo bila kukosea.

Wote wawili tukamtazama Emmet. Alikuwa anajaribu kushika soseji kwa mkono wa kushoto.

"Jumanne," akatuambia, kwa huruma, kama vile sisi ndio wagonjwa.

Bittor alikwenda kulia nyuma ya pikapu yake. Alidhani sikumwona.

Jumapili, 11 Mei

Sikukuu ya akina mama. Carlene kalala hapa tangu jana, kaja na maua ya kwenye chungu na kitabu cha picha cha nyumba ya wazee. Wazee wote kwenye picha wanacheka. Wanacheka nini?

Lakini si hayo.

Alfajiri hii nilikuwa nakoroga unga, Carlene anajipaka rangi kucha mezani. Nikasikia koyote. Si kule korongoni. Hapa! Ubavuni mwa nyumba! Nikakumbuka wanakondoo yatima niliowatoa nje, nikachukua bunduki juu ya mlango, nikatoka na unga mpaka viwikoni. Carlene nyuma yangu anapiga kelele Mama, Mama, Baba yuko nje!

Ndiyo. Baba yuko nje. Ameinua kidevu, macho kayafumba, mishipa ya shingo imesimama, na koyote anatoka kinywani mwake. Mlio mrefu unaopanda, unavunjika juu, unashuka na vibweko vitatu. Ule ule. Hata upande wa mdomo ulioanguka haukumharibia. Halafu kimya. Halafu huko mbali, ng'ambo ya kinu cha upepo, wakamjibu.

Nikakaa kwenye ngazi. Nilicheka, nililia, sijui kilianza kipi. Mtu asiyeweza kuomba maji!

"Emmet," nikamwambia. "Emmet, umeongea."

Akafungua macho. "Jumanne," akasema, na akatabasamu nusu yake inayotabasamu.

Carlene hakutabasamu. Alikuwa amejishika kifua. Kasema ni kitu cha kutisha kuliko vyote alivyowahi kuona, baba yake analia kama mnyama na mama yake anashangilia. Nikamwambia binti yangu, baba yako alikulisha na kukusomesha kwa mlio huo huo. Akasema wakati ule alikuwa anaweza pia kusema jina langu.

Hapo kanimaliza. Aliondoka mapema, akasahau kitabu chake, au hakusahau.

Jumanne, 13 Mei

Emmet kasema "Jumanne" tangu alipoamka. Leo angalau ni kweli!

Nimempigia daktari. Kasema huwa inatokea, wengine hawawezi kuongea lakini wanaimba nyimbo za kanisani mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu wimbo unakaa chumba kingine kichwani. Nikauliza na koyote? Akasema koyote hajamsikia bado.

Mwanakondoo mmoja tena. Bittor atakuja keshokutwa.

Alhamisi, 15 Mei

Tumekwenda!

Bittor alimbeba Emmet mgongoni kupanda kilima kama gunia la sufu, huku anamwambia bwana wewe umenenepa kwa uvivu, na Emmet anamjibu Jumanne, Jumanne, kwa sauti ya matusi kabisa. Tukamketisha. Nikakaa nyuma yake. Mgongo wake ulipogusa wangu nilikumbuka jinsi ulivyokuwa na joto. Tangu Februari nimemwosha, nimemlisha, nimemgeuza. Sikuwa nimemwegemea hata mara moja.

Upepo mdogo, usoni. Jua nyuma yetu. Bittor kalala kifudifudi chini zaidi, haruhusiwi hata kupiga chafya. Emmet akangoja. Zamani nilimwuliza unangoja nini, akaniambia ukigonga mlango wa mtu, mpe kwanza nafasi ya kuwa nyumbani kwake.

Halafu akalia. Nilisikia mlio ukianzia kiunoni mwake, ukipanda mgongoni mwangu. Dume mgeni, kijana, mwenye kiburi. Mimi hapa. Nani mwenye nyumba?

Mwenye nyumba alikuja. Hakuzunguka, hakunusa. Hasira hasara. Alishuka mteremko wa magharibi mwili wote umevimba manyoya, dume kubwa la kijivu, akasimama kwenye weupe wa chumvi pale bwawa lilipokauka, akabweka kututukana. Nikavuta pumzi, nikaachia nusu, nikafyatua. Akalala palepale.

Nyuma yake, juu mgongoni mwa kilima, jike alikuwa amesimama. Nilimwona kwa nukta. Akatoweka.

Bittor kacheza. Kweli, kacheza ngoma ya kwao, na buti zile! Emmet kacheka kwa kelele. Jioni kala sahani mbili za maharage na kalala na mkono wake mzima juu ya mkono wangu. Nimefurahi mpaka naogopa.

Jumamosi, 17 Mei

Jike anamtafuta mumewe.

Alfajiri kasimama palepale mgongoni mwa kilima. Si mlio wa vita. Huu ni mwembamba, unapanda taratibu na kuishia hewani bila kufika popote, kisha anangoja, kisha tena. Yeyote aliyeishi huku anaujua. Uko wapi. Uko wapi.

Emmet, barazani, akamjibu. Kwa sauti ya dume. Si ya yule mgeni, ya mumewe! Aliisikia mara moja tu, yule dume alipokuwa anatutukana, na ameishika.

Jike kanyamaza. Nikadhani amegundua. Halafu akalia upya, haraka haraka, na vibweko vidogo mwishoni. Waliendelea mpaka jua likawa juu ya ghala. Kahawa ya Emmet ilipoa. Hakunisikia nilipomwita.

Jumatatu, 19 Mei

AMESIMAMA!

Jike aliita kutoka upande wa kaskazini leo, nyuma ya nyumba, ambako Emmet hawezi kuona akiwa ameketi. Nilikuwa nakamua nguo. Nikasikia kiti kinakwaruza. Kageuka, kashika nguzo ya baraza kwa mkono wa kushoto, kajivuta. Miguu inatetemeka kama ya mwanakondoo aliyezaliwa leo. Lakini juu! Akasimama amekumbatia nguzo, akamjibu.

Sikumsogelea. Niliuma taulo.

Nilimpigia Carlene nikapiga kelele kwenye simu. Mwanzo hakuamini. Halafu alilia. Kasema Mama, kama ni kweli, na kama koyote wameisha, nitafunga mdomo wangu na nitakuja kuwasaidia kukata manyasi.

Nikasema wameisha. Nimesema hivyo! Saa ileile nilikuwa nimeshamwona tai anazunguka juu ya korongo.

Wanakondoo waliouawa leo ni wawili. Mapacha. Jike ana watoto pangoni na sasa anawalisha peke yake, mume hana. Anaua mara mbili ya zamani. Nani amemfanya mjane? Mimi.

Jumatano, 21 Mei

Nitaliandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Namwonea wivu koyote.

Kila alfajiri anavaa shati mwenyewe, vifungo vimekosea mashimo, ili awahi baraza. Leo kashuka ngazi. Kashika ua wa seng'enge, kaburuta mguu mpaka kwenye nguzo ya kona. Mwezi mzima nilimwomba ajaribu hatua moja. Nilimwimbia, nilimgombeza, nilimwahidi pai ya tufaha. Jumanne, akasema. Huyu kaja na manyoya yake yenye kupe, kalia mara moja, na mzee kaondoka kama kijana anayekwenda dansi.

Nilikwenda kusimama karibu naye kwenye kona. Nikamwuliza, "Anasema nini?" Akanitazama kwa muda mrefu sana. Midomo ikafanya kazi. Niliona anatafuta, anatafuta, jasho likamtoka kwenye paji. "Jum," akasema, akaachia hapo. Akageuka kukitazama kilima.

Bittor alipita mchana. Kasema shemeji, wanakondoo wako wanakwisha, na jana kachukua wangu. Kasema, kwa upole, akitazama buti: anamwamini mzee. Ukimpeleka mzee kilimani, atakuja mpaka mapajani mwako.

Nikamwambia najua.

Kasema kama huwezi, nitafyatua mimi.

Nikamwambia, wewe na shemeji yako wa kaseti, mtakosa mpaka mwisho wa dunia. Hakucheka. Wala mimi.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua yenye theluji. Jike kaita hata hivyo. Emmet kamjibu hata hivyo, kofia imejaa barafu. Mwanakondoo mmoja.

Nikimwacha, kondoo wanaisha, Carlene anakuja, Emmet anaondoka. Nikimuua, nani atamtoa Emmet kitini? Nimezunguka jikoni siku nzima na jambo hilo. Mwisho wake ni kondoo. Bila kondoo hakuna nyumba ya kumweka. Na ameshajifunza kusimama, si ndiyo? Mtu hasahau kusimama.

Bittor atakuja kesho asubuhi.

Ijumaa, 23 Mei

Nimefanya.

Emmet alijua tunakwenda kuwinda. Aliniona nasafisha bunduki, akainyooshea kidole, akaniambia Jumanne kwa furaha. Bittor hakuhitaji kumbeba njia yote, sehemu ya mwisho alitembea katikati yetu. Tukakaa. Mgongo kwa mgongo. Kukawa kweupe, hewa imeoshwa na mvua ya jana, unaona mpaka milima ya theluji ng'ambo ya jangwa.

Jike aliita kwanza. Emmet akamjibu.

Alitoka kwenye korongo moja kwa moja. Koyote mwenye shahada, aliyenikalia nyuma na kunicheka! Hakuzunguka hata kidogo. Alikimbia kama mbwa wa nyumbani anayeitwa kula. Mwembamba, maziwa yananing'inia, mkia unakwenda huku na huku. Mkia! Sijawahi kumwona koyote akija kwenye mwito anatikisa mkia. Emmet akaacha mlio wa mbali, akaanza ule wa chini, wa karibu, ambao wanapeana wakishakutana. Sikujua kama anaujua huo. Sikuwahi kuusikia ukitoka kwake, miaka yote hiyo.

Nilikuwa naye kwenye darubini ya bunduki muda mrefu kuliko ilivyo halali. Nikawaza wanakondoo. Nikawaza zile picha za wazee wanaocheka.

Nikafyatua.

Mlio wa Emmet ulikatika katikati. Nikasikia mgongo wake unaondoka kwangu, akainama mbele. Nilidhani ni kiharusi kingine, nikatupa bunduki. Hakuwa ameanguka. Alikuwa anatazama pale chini, kwenye kile kitu cha kijivu majanini. Halafu akanitazama mimi. Hakusema hata Jumanne.

Ameua koyote wengi pamoja nami, hata idadi hatukuweka. Zamani alikuwa anacheka, ananipiga begani, ananiita mdunguaji wangu. Hajawahi kunitazama hivyo. Sijui alikuwa anajua tangu mwanzo kuwa anamwita aje afe, au alisahau, kama anavyosahau mkono wake. Mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Bittor alimbeba kurudi. Baadaye alikwenda na koleo kulitafuta pango la watoto wa jike, akarudi, akanawa mikono muda mrefu. Sikumwuliza.

Jumapili, 25 Mei

Wanakondoo wote salama. Jana na leo. Wanarukaruka juu ya mawe kama wehu. Nilingojea hili tangu Aprili na sasa siwezi kulitazama.

Emmet alfajiri aliita kutoka kitini. Akangoja. Akaita. Akangoja. Upepo tu na kinu. Aliita mpaka sauti ikawa ya kukwaruza. Nilimpelekea kahawa, nikamwambia Emmet, hayupo. Nikamwambia mimi nipo. Kanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu wa dukani.

Hajasimama. Nilimwekea mkono kwenye nguzo, ukateleza ukaanguka mapajani. Shati nimemvisha mimi.

Nilidhani mtu hasahau kusimama. Mjinga mimi!

Jumatatu, 26 Mei

Carlene kapiga simu, ana furaha. Kesho anakuja, hawezi kungoja mwisho wa mwezi, anataka kumwona Baba amesimama. Kasema amemwambia kila mtu ofisini. Nilishindwa kumwambia. Niliuliza atakula nini.

Leo Emmet kaita mara moja tu. Halafu akainamisha kichwa.

Jumanne, 27 Mei

Naandika kwa penseli, daftari gotini, nimekaa kwenye jiwe nyuma ya kilima cha kaskazini. Viatu vimelowa. Nimemwacha Emmet barazani na kikombe, nikamwambia naenda kuangalia kondoo. Sikwenda kuangalia kondoo.

Sijawahi kuita maishani mwangu. Mpiga risasi hafungui mdomo, ndiyo sheria ya kwanza. Nilitazama huku na huku kama mwizi. Nani angeniona huku, swala? Nikainua kidevu.

Aibu! Ilitoka kama bawaba ya lango. Nikakohoa. Nikajaribu tena, ule mwembamba unaopanda taratibu, na juu kabisa ukanivunjikia. Kondoo walio karibu waliinua vichwa, wakaendelea kula. Hata kondoo hawakuamini.

Kimya. Nikajisikia mzee na mpumbavu. Nikaanza kuinuka.

Akanijibu.

Nilitambaa mpaka juu ya mgongo wa kilima nikachungulia kati ya vichaka. Yuko wima. Kakumbatia nguzo ya baraza, kichwa kimegeukia huku. Nikaita tena, vibaya vilevile. Akaiachia nguzo, akashuka ngazi ya kwanza kwa makalio, akajiinua, akashika seng'enge. Anakuja. Anaburuta mguu, anasimama, anasikiliza. Mwitaji bora kuliko wote katika nyika hii, asikie mlio kama wangu asijue ni wa mtu? Hapana. Anajua. Au hajui. Au anajua ni mimi na ndiyo maana anakuja. Emmet, ni nani unayemjibu? Nataka sana kujua, na naogopa kumwuliza, maana najua neno atakalonipa.

Nimenyamaza kidogo nipumue, koo linawaka moto. Amesimama kwenye nguzo ya kona. Amengoja. Sasa magoti yanaanza kulegea, naona kutoka hapa.

Barabarani kuna vumbi. Ni gari la Carlene, limeshapita kinu. Akifika sasa hivi atamkuta baba yake nje, peke yake, ameshika seng'enge, na mama yake kilimani analia kama mnyama. Nikinyamaza atamkuta amekaa chini kwenye matope.

Limefika langoni. Anashuka kufungua.

Emmet ameita tena. Ngoja nimjibu.